Mlio wa masikioni: yanayosemwa na ukweli wake

Sikio likilia, Unguja na Pemba utaambiwa kuna mtu anakusema. Kwa ule mlio wa sekunde chache unaokuja na kupotea, maneno hayo hayana madhara. Karibu kila mtu huupata. Ninaoandika kwa ajili yao ni wale ambao mlio haukatiki, wanalala nao na kuamka nao. Mimi ni mmoja wao, na baadhi ya ushauri unaotolewa kuhusu hali hii unaumiza watu.

"Huyo kapagawa, anasikia majini."

Anayesema hivi mara nyingi anamtakia mgonjwa kheri, kwa hiyo tumjibu kwa adabu. Ndani kabisa ya sikio mna seli kama 15,000 zenye vinywele vidogo mno, zinazopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Seli hizo zikiharibika, ubongo hupokea sauti pungufu, ukajaribu kufidia, na mtu akasikia filimbi au mvumo usiokuwepo nje. Hana wazimu. Akitaka kusomewa kisomo, na asomewe, moyo utulie. Lakini na hospitali aende. Anayesikia maneno au watu wakizungumza, hiyo ni hali nyingine na amweleze daktari.

"Ni uchafu, lichokoe."

Nta ya sikio ikijaa inaweza kweli kuleta mlio. Lakini kijiti cha pamba, unyoya wa kuku au njiti ya kibiriti huisukuma ndani zaidi, na huweza kutoboa ngoma ya sikio. Mafuta ya moto msithubutu. Nta hutolewa hospitali kwa dakika chache.

"Mimi nimeshazoea kelele."

Hili ndilo linalonisikitisha kuliko yote, maana husemwa na watu wa kazi: seremala wa mashine ya randa, fundi wa kuchomelea na grainda yake, nahodha anayekaa karibu na mashine ya boti kutwa nzima. Sikio halizoei kelele. Fundi anayeona grainda haimsumbui tena huenda ameshapoteza sehemu ya usikivu wake, na seli zile zikifa hazioti tena. Dalili ya mwanzo si ukimya. Anasikia kuwa watu wanazungumza, ila maneno hayampambanukii, hasa barazani wanapozungumza wengi kwa pamoja. Nyumbani wanamwona mkaidi.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na kikomo kinachotumiwa sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hukatwa nusu, hivyo kwenye 100 unabaki na dakika 15 tu, na maspika ya rusha roho hufika hapo bila ya tabu. Huna kipimo? Kama mtu aliye umbali wa mkono lazima umpigie kelele ndipo akusikie, hapo pana hatari. Harusini sogezeni viti mbali na spika, na watoto wasicheze mbele yake. Ukitoka na masikio yanavuma, ujue yameumia, hata kama asubuhi yatakuwa yametulia.

"Nitatia pamba."

Pamba ya kawaida haizuii kitu cha maana. Tafuta vizibo vya sponji vya masikio. Kisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama penseli. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, kitie, kisha kishikilie kwa kidole kwa nusu dakika mpaka kijae. Ukizungumza ukasikia sauti yako nzito kama imo ndani ya mtungi, kimekaa.

"Ni zile sindano za hospitali tu."

Inawezekana. Kwinini hujulikana kwa kuvumisha masikio, na mara nyingi hali hiyo huondoka dozi ikimalizika. Jentamaisini, ambayo ni dawa ya kuua bakteria, na baadhi ya sindano za kifua kikuu huweza kudhuru usikivu usirudi tena. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Mwambie aliyekuandikia siku hiyo hiyo.

"Haina dawa, basi kaa nayo."

Ni kweli kwamba hakuna kidonge kilichothibitika kuuondoa mlio huu, na anayekuuzia chupa ya kuumaliza anakula pesa zako. Lakini ubongo una uwezo wa kuuweka pembeni, kama unavyoacha kuisikia friji ya nyumbani. Mlio hukua katika ukimya na wasiwasi. Mimi usiku nawasha feni hata msimu wa kipupwe, au redio kwa sauti ndogo, iwe chini kidogo ya mlio wenyewe. Aliyepungukiwa na usikivu husaidiwa sana na kifaa cha kusikilizia, na aliyekosa usingizi kwa khofu hufaidika na mazungumzo ya mpangilio na mtaalamu wa saikolojia.

Mlio wa sikio moja tu, au unaodunda pamoja na mapigo ya moyo, au unaokuja na kizunguzungu, upimwe na daktari wa masikio, pua na koo. Ukiwa Pemba anza hospitali ya Chake Chake, Wete au Mkoani uombe rufaa. Sikio likiziba ghafla ukawa husikii, ndani ya siku moja au mbili, usingoje liachie lenyewe. Nenda siku hiyo hiyo, kwani dawa za hali hiyo hufaa zaidi zikianzwa mapema, na wiki mbili zikishapita nafasi ya kupona huwa imepungua sana.