Umetoka mazoezi au ndo umevaa hivyo?

Hilo swali niliulizwa mimi mwenyewe na mlinzi wa ofisi moja hapa Moshi mjini, saa nne asubuhi, nimevaa traksuti ya bluu na raba, bahasha mkononi. "Dada, umetoka mazoezi au ndo umevaa hivyo?" Nikamjibu nimetoka mazoezi. Uongo mtupu, nilikuwa nimetoka nyumbani na bajaji. Ila sura yake ililegea palepale, akanionyesha benchi nisubiri. Mlangoni kulikuwa na lile bango la picha mnalolijua, kimini kimepigwa X, pensi X, suruali ya kubana X. Traksuti wala haikuwepo kwenye bango, kwahiyo sheria ya kunizuia hakuwa nayo, ye alikuwa anatafuta tu sababu ya kuniruhusu.

Nimekuwa nikiifikiria hiyo siku kwasababu ndo kazi yangu. Nauza na kurekebisha nguo za michezo za mtumba pale soko la Memorial, huu mwaka wa 11, nafungua robota, nachambua kamera, yaani zile kali kuliko zote, naweka pembeni, zingine napunguza kiuno napiga ovaloki zinatoka kama mpya. Na wateja wakijaribu nguo wanaongea jamani, fundi anasikia mambo kuliko padri. Nilichojifunza ni kwamba nguo ya mazoezi ukiivaa nje ya mazoezi watu hawaiangalii sana yenyewe, wanasubiri maelezo. Ukiwa nayo unapita, usipokuwa nayo wanakutungia ya kwao.

Jaketi haina kesi. Mwezi wa sita na wa saba wingu likikaa mlimani jaketi ya traksuti ni sweta tu, utamkuta mzee wa Kibosho ana mistari mitatu ya Adidas begani, suruali ya kitambaa na kofia, anaenda kikao cha jumuiya, unampa shikamoo yake anapita, hakuna anayefikiria michezo. Jezi ya Simba au Yanga nayo inajieleza yenyewe. Kesi inaanzia chini ya kiuno.

Hapo ndo tuje kwenye taiti.

Nina mteja wangu ni nesi, ana miaka arobaini na kitu, presha ilipanda daktari akamwambia dada tembea, kimbia, fanya chochote. Akanunua kwangu taiti mbili nyeusi akawa anakimbia alfajiri kule Shanty Town kwenye miti, akirudi anapitia dukani kuchukua maziwa na mkate. Siku ya tatu mama wa duka kamwangalia juu mpaka chini, kamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, nyumbani khanga zimeisha?"

Alinihadithia huku anacheka lakini macho hayakuwa yanacheka. Mimi nikamwambia ukweli ambao wengi hawaujui, huu uzi unaovutika tunaouita laikra aliuvumbua mkemia wa Marekani, Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, mwaka 1958, na alichokuwa anatafuta ni kitu cha kuchukua nafasi ya mpira kwenye zile nguo za ndani za kubana mwili za wanawake. Yaani umezaliwa kwa ajili ya nguo ya ndani! Kwahiyo yule mama kuiona kama nguo ya ndani hakukosea sana kihistoria, alikosea kumsemesha mtu mzima mbele ya wateja.

Halafu zipo taiti na taiti, hapa nisikilizeni vizuri. Ingiza ngumi ndani, ivute, elekeza kwenye mwanga. Ukiona vifundo vya vidole iache hapohapo, maana ukiinama kuchagua nyanya Mbuyuni soko zima litakuwa limeona. Nzuri ni ile nzito yenye mshono wa bapa na kipande cha pembe nne katikati ya miguu, isiyo na hicho kipande inaachia mshono kwa haraka na mahali penyewe si pa kuachia.

Wanaume hili hawalijui. Mwanaume akitoka na bukta kufuata supu Jumamosi ataambiwa hongera bosi unapambana na kitambi. Mwanamke umbali uleule, saa ileile, inabidi afunge kitu kiunoni. Sioni haki yoyote hapo, ila nisiwadanganye, na mimi nikitoka na taiti nafunga khanga.

Kilichosaidia kidogo ni ile kampeni ya mazoezi ya mwishoni mwa 2016, Mama Samia akiwa Makamu wa Rais, ikatangazwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi ni ya mazoezi. Watumishi wakapata ruhusa ya kuonekana na traksuti mtaani, mabosi kwa makarani, joging klabu na fulana zao za kufanana wanaimba barabarani, na kuanzia hapo biashara yangu ya Ijumaa ikawa si mchezo. Halafu sisi Moshi tuna Kili Marathon tangu 2003, wakati wake ukifika mji wote umevaa raba, na ile tisheti mtu anaivaa miaka mitano, sokoni, benki, kwenye kikao cha shule. Ni maelezo yaliyochapwa kifuani kabisa. Arusha ni hadithi nyingine, kule mwembamba mwenye traksuti watu wanahisi ni mwanariadha, na huwezi kuwalaumu, Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 ni wa Karatu, na Alphonce Simbu aliyechukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo 2025 mazoezi anafanyia hukohuko.

Sasa kuna jambo lilinishangaza. Watafiti wa Harvard waliandika mwaka 2014 kuhusu jaribio walilofanya Milan, Italia, wakawauliza wauzaji wa maduka ya nguo za bei mbaya, akiingia mwanamke wa nguo za mazoezi na mwingine wa koti la manyoya, nani ana hela? Wauzaji wakamchagua wa mazoezi, yaani huyo hana haja ya kujipamba. Wapita njia wa kawaida hawakuona hivyo. Nikasoma nikacheka maana mwezi uleule nilikuwa nimetoa taiti na tisheti kwenye robota moja, Nike zote, taiti kachukua dada mmoja mwenye funguo ya gari, tisheti kachukua dogo wa mkokoteni. Nikawakuta wote kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi. Dada, raba nyeupe bila vumbi, kavutiwa kiti, "karibu bosi". Dogo kaambiwa sogea pembeni usizibe mlango. Robota moja! Sikuhizi nikimwona mtu na traksuti naanza kuangalia miguuni, kama wanavyoanza wote. Na vijana wa mikokoteni utawakuta hata na tisheti ya Chicago Marathon, hakuna anayewauliza walikimbia kwa saa ngapi.

Turudi kwa nesi. Alikuja na mita mbili za kitenge, nikamshonea sketi ya kufunga, nyepesi, ina mfuko wa simu na hela ya maziwa, anaikunja inaingia kwenye kiganja, akimaliza kukimbia anaifunga. Wenzake watano wameshaweka oda.

Na wiki iliyopita nani kaja? Mama wa duka, na mimi pia nanunuaga kwake. Anataka taiti nyeusi, nzito, saizi kubwa. Nikampimia kimya. Sikumuuliza chochote lakini akanieleza mwenyewe, mara mbili, kwamba ni ya kuvaa ndani ya gauni, baridi ya mwezi huu imezidi.