Je, wajua Goliathi alikuwa na dhiraa ngapi?

Fungua 1 Samweli 17:4 katika Biblia ya Kiswahili: dhiraa (au mikono) sita na shibiri moja. Dhiraa hupimwa toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kama sentimita 45, na shibiri ni nusu yake. Piga hesabu, unapata karibu mita 2.9. Nyumba nyingi za leo angegonga dari.

Sasa tazama Septuaginta, tafsiri ya Kiyunani ambayo Wayahudi wa Aleksandria, Misri, walianza kuiandaa katika karne ya 3 KK. Kodeksi ya Vatikano, nakala yake ya karne ya 4 BK, inasema dhiraa nne na shibiri. Hiyo ni mita mbili na ushei tu. Mcheza kikapu, si jitu.

Nani kakosea? Wengi watamnyoshea kidole mfasiri, maana Kiebrania, ambacho Biblia ya Kiswahili inakifuata hapa, ndicho asili. Ila swali ni Kiebrania kipi. Nakala kamili ya Kiebrania iliyo kongwe kuliko zote zilizobaki, Kodeksi ya Leningrad, ilinakiliwa mwaka 1008 hivi BK, zaidi ya miaka elfu moja baada ya wafasiri wale kumaliza kazi yao. Wao walisoma magombo ambayo yalikwisha kuoza zamani. Kwa hiyo tafsiri inaweza kutuhifadhia Kiebrania cha kale kuliko hiki tulichonacho.

Ushahidi ulitoka ardhini. Mwaka 1952, katika pango la 4 la Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, vilipatikana vipande vya gombo la Samweli la karne ya 1 KK. Ni Kiebrania kitupu, na Goliathi ana dhiraa nne. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1 BK, naye aliandika nne.

Si kwamba Septuaginta hushinda kila mara. Kuna mahali mfasiri aliteleza kweli, na magombo mengi ya Qumran yanakaribiana sana na maandishi ya Kiebrania tuliyoyazoea. Wataalamu hulazimika kupima neno kwa neno.

Hiyo sita ilitoka wapi basi? Wapo wanaodhani jicho la mnakili lilishuka hadi mstari wa 7, penye kichwa cha mkuki chenye uzito wa shekeli mia sita. Mimi naona ni rahisi zaidi kwamba adui alirefuka kadiri hadithi ilivyosimuliwa. Samaki wa mvuvi hukua hivyo hivyo. Ilikuwa mapema, kwa vyovyote, kwa sababu Jerome, msomi Mkristo, alipofasiri Samweli kutoka Kiebrania kwenda Kilatini, miaka ya 390 hivi BK, naye aliandika sita.

Ukikubali nne, soma upya 1 Samweli 9:2: Sauli aliwazidi Waisraeli wote kwa urefu, kuanzia mabegani kwenda juu. Siku arobaini Mfilisti alitukana bondeni, na mtu pekee aliyekaribia kimo chake alikuwa mfalme, naye hakutoka.