Barabara ya kulipia: foleni isihamie kibandani

Foleni ya Kibaha hadi Chalinze inawagusa wakazi wa Bagamoyo hata wasiposafiri. Mlandizi pakibana, madereva wa Tanga na Arusha hukatiza Bagamoyo, wakapita Makurunge na kutokea Msata. Kwa hiyo barabara ya kulipia inayopangwa Kibaha–Chalinze inawahusu, na sehemu ya kuangaliwa kwa makini kuliko zote ni pale pa kulipia.

Njia moja ya barabara kuu hupitisha takriban magari 2,000 kwa saa. Kushusha kioo, kutoa noti na kupokea chenji kukichukua sekunde 15, kibanda kimoja huhudumia magari 240 tu kwa saa. Kila njia itadai vibanda 8 au 9. Akatokea mmoja na noti ya shilingi 10,000, chenji hakuna, sekunde 15 zikawa 60: magari 10 yaliyo nyuma yake yamepoteza kwa jumla dakika saba na nusu.

Dawa ni kulipa bila taslimu. Jaza salio kabla ya kuondoka nyumbani. Kama unalipa kwa kifaa cha kubandika kwenye kioo cha mbele, kinachosomwa kwa mawimbi ya redio ili kizuizi kinyanyuke, kibandike nyuma ya kioo cha kuangalizia nyuma, na kisifunikwe na tinti yenye chembe za chuma, kwani huzuia mawimbi hayo na kizuizi hakinyanyuki. Hapo usirudi rivasi hata kidogo. Msubiri mhudumu.

Wenye malori, tozo haikuondolei mizani. Ekseli moja (mtaimbo unaobeba matairi) yenye matairi manne mwisho ni tani 10, na gari zima halizidi tani 56. Madhara kwa lami hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito: ekseli ya tani 12 huiumiza lami mara mbili ya ile ya tani 10. Mashimo yanayowapasulia watu matairi huanzia hapo.

Bodaboda, bajaji na waenda kwa miguu hubaki barabara ya kawaida, kama ilivyo kwenye barabara ya kulipia ya Nairobi, kati ya Mlolongo na Westlands.

Gari likiharibika, lisogeze hadi bega la kushoto, washa hazadi, abiria washukie kushoto na kusimama nje ya kingo za chuma. Wasikae garini kukwepa jua: kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari linalokuja hula mita 28 kila sekunde, na dereva aliyesinzia sekunde mbili tu amekwisha kuwafikia.