Kutuma Pakiti za Redio Kutoka Dodoma Hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu

Mara nne hivi kwa siku, Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huinuka juu ya upeo wa macho wa Dodoma, hukatiza anga kwa dakika zisizozidi kumi hivi, kisha huzama upande wa pili. Wakazi wengi wamewahi kukiona jioni au alfajiri kama nyota kali isiyometameta inayokwenda kwa mwendo mmoja, wakadhani ni ndege. Ndani ya kituo hicho, katika maabara ya Ulaya iitwayo Columbus na katika sehemu ya Kirusi iitwayo Zvezda, kumefungwa redio za ridhaa, yaani redio zinazotumiwa na watu wenye leseni kwa ajili ya kujifunza na kufanya majaribio, bila biashara. Mojawapo ya kazi za redio hizo ni kupokea ujumbe mfupi wa maandishi kutoka ardhini na kuurusha upya papo hapo, ili usikike na kila aliye chini ya kituo kwa wakati huo. Makala hii inaeleza namna mtu wa Dodoma, Bahi, Manyoni au Kondoa anavyoweza kuusikia ujumbe huo kwa vifaa vya gharama ndogo, na namna ya kutuma wake baada ya kupata kibali.

Ujumbe unaozungumziwa hapa husafiri katika umbo la pakiti. Pakiti tunaweza kuifananisha na bahasha: juu yake kuna jina la mpelekaji, jina la mpelekewa na njia ya kupitia, ndani yake kuna maneno yenyewe, na mwishoni kuna tarakimu za ukaguzi zinazokokotolewa kutokana na kila kilichotangulia. Kompyuta au simu huyageuza maandishi hayo kuwa mfululizo wa milio miwili, mmoja wa hezi 1200 na mwingine wa hezi 2200, inayopokezana kwa kasi ya biti 1200 kwa sekunde. Kwa sikio la binadamu pakiti husikika kama mkwaruzo mfupi, usiofika hata sekunde moja kwa ujumbe wa kawaida. Mpokeaji hukokotoa upya tarakimu za ukaguzi, na zikitofautiana hata kwa biti moja, pakiti yote hutupwa. Jambo hili ni la msingi, kwa sababu linaeleza kwa nini anayeanza anaweza kusikia mikwaruzo mizuri kabisa spikani na bado asione neno hata moja kwenye kioo: katika pakiti hakuna kusikia nusu, wala programu haikisii herufi iliyopotea.

Utaratibu wa kupanga bahasha hizo huitwa AX.25, na ulikuwa tayari unatumiwa na waendeshaji wa redio ya ridhaa katika miaka ya 1980. Mwanaanga Owen Garriott, mwenye alama ya wito W5LFL, yaani jina la utambulisho la mwendeshaji hewani, alizungumza kwa sauti na waendeshaji wa ardhini akiwa ndani ya chombo cha anga Columbia mwishoni mwa mwaka 1983. Katika miaka ya 1990 kituo cha Kirusi cha Mir kilikuwa na vifaa vya pakiti. Wakazi wa kwanza wa kituo cha sasa walifika Novemba 2000, na redio ya ridhaa ilianza kutumika mwezi huohuo. Leo upande wa pakiti hutumia alama ya wito RS0ISS, na masafa yake ni megahezi 145.825, yaleyale kwa kupokea na kwa kutuma.

Kinachowatatiza wengi ni mwendo wa kituo, kuliko hata redio yenyewe. Kituo huzunguka dunia katika kimo cha kilomita 400 na kidogo, kwa kasi inayozidi kilomita saba na nusu kwa sekunde, na humaliza mzunguko mmoja kwa dakika 93 hivi. Njia yake imeinama kwa nyuzi 51.6 kutoka ikweta. Kwa hiyo mtu aliyeko Dodoma, karibu nyuzi sita kusini mwa ikweta, hukiona kikija ama kutoka kusini magharibi kikielekea kaskazini mashariki, ama kutoka kaskazini magharibi kikielekea kusini mashariki. Kinapochomoza kwenye upeo wa macho huwa umbali wa takribani kilomita 2,300, na kinapopita utosini umbali hubaki kilomita 400 na ushei. Tofauti hiyo ina maana kwamba mawimbi yanayotufikia kikiwa juu huwa na nguvu takribani mara thelathini kuliko kikiwa ukingoni. Ndiyo sababu ninawashauri wanaoanza waache kuhangaika na mapito ya chini yanayojificha nyuma ya vilima, wachague pito linalofika nyuzi arobaini au zaidi juu ya upeo, hata kama litawalazimu kungoja siku mbili.

Saa za mapito hutolewa na programu nyingi za simu na kompyuta, lakini hapa kuna mtego unaowanasa watu wa Afrika Mashariki zaidi kuliko wengine. Baadhi ya programu huandika muda kwa saa ya kimataifa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu, na juu ya hilo sisi huhesabu saa kuanzia macheo, tofauti ya saa sita kutoka kile kinachoandikwa kwenye kioo cha simu. Njia fupi ni hii: toa tatu kutoka saa ya UTC (ikiwa haizidi tatu, iongezee kwanza kumi na mbili), na jibu likifika kumi na tatu au zaidi utoe kumi na mbili, nawe utapata saa ya Kiswahili. Pito lililoandikwa 16:20 UTC huonekana 19:20 kwenye simu iliyowekwa saa ya Tanzania, nasi tunaiita saa moja na dakika ishirini usiku. Data za obiti nazo zisasishwe kila wiki, kwa kuwa kituo husukumwa juu mara kwa mara ili kisishuke, na ratiba ya mwezi uliopita haifai tena.

Hatua ya kwanza iwe ni kusikiliza. Redio ya mkononi yenye kufika megahezi 144 hadi 146, mfano wa zile zinazobebwa na walinzi, inatosha ikiwa na antena bora kuliko kile kijiti kifupi cha mpira kinachouzwa nayo. Antena rahisi ni waya wa shaba wa sentimita 49 uliosimamishwa wima, ukiwa na nyaya nyingine nne za urefu unaokaribiana na huo zilizotandazwa chini yake na kuinamishwa kidogo. Bora zaidi ni antena ya Yagi yenye vijiti vitatu, ambayo wanafunzi huiunda kwa bomba la plastiki na vipande vya utepe wa chuma wa kupimia, ule wa mafundi seremala. Yagi huelekezwa kwa mkono kufuata kituo na huzungushwa pole pole kwenye mhimili wake kila sauti inapofifia, kwa sababu mlalo wa mawimbi hubadilika kadiri kituo kinavyosogea. Sauti kutoka redioni huingizwa kwenye kompyuta mpakato kwa kebo, na programu ya bure kama Direwolf huisoma. Kwa simu za Android ipo APRSdroid.

Toka nje, uwe mbali na paa la bati. Kizuia mvumo cha redio (squelch) kifunguliwe kabisa ili mwanzo wa pakiti usikatwe, sauti iwekwe kiasi cha kati ili isivurugike, na hali ya kuokoa betri izimwe. La mwisho nalisema kwa uzoefu: jioni ya kwanza niliyowapeleka wanafunzi uwanjani, pito zuri la nyuzi sabini lilipita bila herufi hata moja, na kumbe redio ilikuwa ikilala na kuamka kila baada ya muda mfupi ili kuhifadhi chaji, hivyo ikawa inapoteza mwanzo wa kila pakiti. Siku iliyofuata, kwa vifaa vilevile, mistari ilianza kujipanga kwenye kioo kabla kituo hakijafika nusu ya anga, na hakuna aliyeketi tena.

Kuna pia badiliko la Doppler. Kila aliyesimama kando ya barabara kuu ya Singida anajua jinsi honi ya basi inavyosikika nyembamba linapokuja na nzito linapopita. Mawimbi ya redio hufanya vivyo hivyo: kituo kinapochomoza, masafa yake husikika juu kwa takribani kilohezi tatu na nusu, na kinapozama hushuka kwa kiasi hichohicho. Kwa pakiti za kasi hii katika masafa haya, redio iliyoachwa kwenye 145.825 hupokea vizuri sehemu kubwa ya pito, na anayetaka mwanzo na mwisho pia anaweza kusikiliza kwenye 145.830 kituo kinapokuja na 145.820 kinapokwenda. Anayetuma hufanya kinyume chake.

Kutuma ni jambo la sheria kabla ya kuwa jambo la ufundi. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ndiyo inayosimamia leseni za redio ya ridhaa nchini, na alama za wito za Tanzania huanza na 5H. Asiye na leseni asibonyeze kitufe cha kurusha, hata kwa majaribio ya sekunde moja, na ni busara kuwasiliana na Mamlaka kabla ya kununua chombo chenye uwezo wa kurusha. Aelewe pia kwamba kanuni za kimataifa haziruhusu ujumbe wa ridhaa kufichwa kwa msimbo wa siri: kila unachokituma kitasomwa na yeyote aliye na redio.

Mwenye leseni ataweka alama yake kama mpelekaji, kisha kwenye nafasi ya njia ataandika ARISS, jina ambalo redio ya kituo hulitambua na kulijibu kwa kuirusha pakiti upya. Wati tano na Yagi ya mkononi zinatosha. Redio ipewe muda wa milisekunde mia tatu hivi kati ya kuwaka na kuanza kutuma data. Ukiweka mahali ulipo, Dodoma mjini huandikwa 0610.00S na 03544.00E, yaani nyuzi 6 na dakika 10 kusini, nyuzi 35 na dakika 44 mashariki, na naomba herufi S itazamwe mara mbili, kwa kuwa mifano mingi iliyomo kwenye programu imeandikwa na watu wa kaskazini mwa ikweta. Ukiacha N, ramani itakuweka kusini magharibi mwa Ethiopia. Wanaotumia gridi ya kimataifa, inayoigawa dunia katika miraba yenye herufi na tarakimu, wataandika KI73.

Kinachonipa hamu ya kuwashawishi watu wa huku ni wepesi wa chaneli. Pakiti hizi hazina zamu: wote hutumia masafa mamoja, na wawili wakituma kwa pamoja, mara nyingi zote mbili huharibika. Juu ya Ulaya, ambako eneo la kilomita 2,300 kutoka chini ya kituo hufunika waendeshaji wengi mno, ujumbe mwingi hupotea kwa kugongana. Kituo kinapokuwa juu ya Dodoma, duara hilohilo hufika Addis Ababa, Mogadishu, Lusaka na Harare, na waendeshaji wa pakiti waliomo ni wachache. Redio dhaifu ya ardhini ina nafasi hapa ambayo isingeipata Ujerumani. Tena tuna uwanda mpana, upeo ulio wazi kuelekea Bahi, na miezi mirefu isiyo na mvua. Upepo wa kiangazi huyumbisha milingoti, kwa hiyo Yagi ya mkononi ni salama zaidi. Na masika yakifika, hakuna pito linalostahili kusimama juu ya mwamba na kijiti cha chuma wakati radi inanguruma.

Usitume mfululizo. Pakiti moja kila baada ya nusu dakika inatosha, na nafasi iliyobaki ni ya kusikiliza wengine. Zipo pia siku za kimya kamili: redio huzimwa wanaanga wanapotoka nje ya kituo au chombo kinapokuja kutia nanga, na wakati mwingine hutumika kwa mazungumzo na shule au kurusha picha. Taarifa za hali ya redio hutolewa na mpango wa ARISS unaoratibu shughuli hizo, na zisomwe kabla ya kulaumu antena.

Pakiti yako ikirudi, utaiona kwenye kioo ikiwa na alama yako ya wito mwanzoni, na baada yake RS0ISS ikifuatiwa na nyota ndogo. Nyota hiyo ina maana kwamba ujumbe haukutoka moja kwa moja kwenye redio yako, bali umepitia angani. Uandike mstari huo daftarini pamoja na saa ya UTC, nyuzi za kimo na mwelekeo wa antena kwa wakati ule.