Sumaku Haiumbi Msuli

Video ya mashine inayochapa msuli ulio hai, sumaku ikizunguka pembeni, imefika hadi kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Kisumu. Inapofika stejini Kondele, huwa imeshageuka mashine ya kutengeneza miguu. Tuichambue.

Dhana: msuli hutoka kwenye mashine ukiwa tayari.
Kinachotoka ni jeli iliyochanganywa na seli changa za msuli, basi. Mashine huisukuma kupitia sindano, mstari juu ya mstari, ikifuata mchoro wa kompyuta. Kazi yenyewe huanza baadaye, ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 37, ambamo seli hulishwa kwa siku kadhaa huku zikiungana. Uzi mmoja wa msuli ni seli nyingi zilizojiunga zikawa moja, ndiyo maana una viini vingi. Muungano huo hauchapwi na mtu. Seli hujifanyia zenyewe.

Dhana: sumaku ndiyo inayoipa nyama uhai.
Hapa wachuuzi wa bangili za sumaku wametuharibu kweli. "Mama, vaa hii, itavuta damu mpaka vidoleni." Chuma cha damu kimefungwa ndani ya himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, na hakina tabia ya msumari. Tena damu iliyobeba oksijeni hukimbia sumaku, ingawa kwa nguvu ndogo mno. Mgonjwa hulazwa ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, nyingi zikiwa na nguvu ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), makumi ya maelfu ya mara kushinda sumaku ya dunia, na damu yake inaendelea na safari zake kama kawaida.

Basi sumaku inafanya nini maabarani? Kwanza, inakoroga. Seli ni nzito kuliko jeli, kwa hiyo huzama polepole ndani ya bomba la sindano, na yanayotokea ni ya uji wa wimbi ulioachwa mezani: mzito chini, maji juu. Msuli unaochapwa hivyo unajaa seli upande mmoja na kukosa upande mwingine. Kundi la mhandisi Ritu Raman, wa chuo cha MIT nchini Marekani, liliweka kikorogeo kidogo chenye sumaku ndani ya bomba, kikaendeshwa na sumaku iliyo nje. Hakuna anayelifungua bomba, wala uchafu hauingii.

Pili, inafanyisha mazoezi. Mwaka 2023 kundi hilohilo lilionyesha tabaka la jeli lenye vipande vyembamba vya silikoni vilivyochanganywa na chembe za sumaku, seli zikiwa juu yake. Sumaku ikipita chini, tabaka huvutwa huku na huko na seli huvutika nalo. Nyuzi zilizozoezwa hivyo zilijipanga kuelekea upande mmoja. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu nyuzi zilizokaa ovyo huvutana zenyewe kwa zenyewe na nguvu ikapotea bure. Na angalia: chembe zilikuwa chini ya msuli, hazikuwa ndani yake.

Dhana: mwendesha boda aliyeumia atachapiwa paja jipya.
Si leo. Seli iliyo mbali na mshipa wa damu kwa zaidi ya takriban milimita 0.2 hukosa oksijeni na kufa, na paja lina unene wa sentimita nyingi. Kuchapa mtandao wa mishipa midogo kiasi hicho, kisha kuunganisha neva, ndiko watafiti walikokwama. Kwa sasa vipande hivi vidogo vinafaa kupimia dawa, kuchunguza magonjwa ya misuli na kuendesha roboti ndogo. Majeruhi bado anamtegemea daktari wa upasuaji, ambaye huweza kuhamisha msuli wa mgonjwa mwenyewe kutoka sehemu nyingine ya mwili, na baada ya hapo mazoezi ya viungo, ambayo wengi huyaacha mapema mno.

Dhana: nyama hii itaua biashara ya mbuzi choma.
Baga ya kwanza ya nyama ya maabara ililiwa London, Agosti 2013. Iligharimu takriban euro 250,000, na wala haikuchapwa: zilikuwa nyuzi nyingi ndogo zilizokuzwa kisha zikashindiliwa pamoja. Wachoma mbuzi wa Nakuru walale tu.