Wissmann hakuwa gavana wa kwanza

Ukitaja Hermann von Wissmann, wengi hukwambia ndiye gavana wa kwanza wa Kijerumani katika Tanzania Bara ya leo. Sivyo: alikuwa wa tatu.

Kosa linaeleweka, maana ndiye aliyetangulia kufika na jeshi. Luteni huyu aliwahi kuvuka bara kutoka Luanda hadi Saadani, safari iliyokwisha 1882. Mwaka 1889 alirudi pwani kumpiga Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, safari hii kwa cheo cha kamishna wa dola. Askari wake wengi hawakuwa Wajerumani: Wasudani walioandikishwa Misri, na wengine kutoka Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani, Desemba 1889.

Serikali ya koloni ilipoundwa 1891, ugavana akapewa Julius von Soden, raia asiye mwanajeshi. Nadhani hilo lilimuuma Wissmann. Akafuata von Schele, na Wissmann mwenyewe akaupata 1895, akaushika mwaka mmoja tu.

Sanamu yake nayo imechangia kosa hilo. Ilisimamishwa Dar es Salaam 1909, yeye juu, askari Mwafrika chini akimtazama. Baadaye ikahamia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha 1968.