Picha ing'ae, uso usipauke

Msimu wa mahafali, studio za katikati ya Nairobi husikia ombi moja kwa maneno tofauti: nisafishie, ning'arishe, nitoe fiti. Kazi nyingi huharibikia hapo, maana mteja ana picha yake kichwani na mhariri ana yake.

Dhana: Kumpendeza mtu ni kumfanya mweupe.

Hii ndiyo mama wa makosa yote. Ngozi nyeusi hupendeza pichani kwa tofauti iliyopo kati ya sehemu zinazorudisha mwanga, yaani paji, mgongo wa pua na mfupa wa shavu, na sehemu zilizo kivulini. Ukipandisha vivuli hadi mwisho, tofauti hiyo hufa, wekundu wa ngozi hufifia, chengachenga zilizojificha gizani huibuka, na uso hutoka na rangi ya majivu.

Chanzo mara nyingi ni kamera. Huchukulia kwamba kilicho mbele yake kina mwanga wa wastani, kwa hiyo mtu akisimama mbele ya shuka jeupe, hupunguza mwanga na uso huzama. Dawa ni kuongeza nusu stopu hadi stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili) wakati wa kupiga, na kupiga RAW, yaani faili ghafi la kamera. JPEG, faili la kawaida la picha, huhifadhi ngazi 256 tu kwa kila rangi ya msingi. RAW ya biti 14 huwa na 16,384, kwa hiyo ina nafasi ya kurekebishwa bila kuchanika.

Picha ikiwa imeshapigwa, sahihisha rangi kwanza. Kisha pandisha mwanga wa jumla kidogo, ufungue uso peke yake kwa maski, yaani kwa kuziba sehemu nyingine zisiguswe, na mwishowe urudishe weusi ili nyusi na joho zisigeuke kijivu. Aliyepigwa akiwa kwenye nyasi huwa na ukijani chini ya kidevu. Upunguze hapo tu; ukiugusa uso mzima, utageuka zambarau.

Dhana: Ngozi safi haina vitundu.

Programu za simu zimewazoesha watu hivyo. Kutia ukungu uso mzima hufuta vitundu pamoja na chunusi, na anayebaki ni sanamu ya duka la nguo. Kwenye Photoshop, programu ya kuhariri picha, fungua tabaka (layer) jipya tupu juu ya picha, chukua Healing Brush, brashi ya kuponya madoa, na uiweke isome tabaka hilo na lililo chini yake. Brashi iizidi chunusi kidogo tu. Gusa, usipake. Sampuli itoke jirani, penye mwanga uleule, kwa sababu ngozi ya shavu hailingani na ya paji. Karibu na midomo au mstari wa nywele, brashi hiyo huvuta rangi ya jirani na kuacha doa. Hapo Clone Stamp, inayonakili sehemu moja juu ya nyingine bila kuchanganya rangi, ni salama zaidi.

Mabaka yanataka subira. Jaza tabaka kwa kijivu cha asilimia 50, liweke kwenye hali ya Soft Light, ambayo huficha kijivu hicho, kisha pitisha brashi laini, nyeupe pa kuangaza na nyeusi pa kutia kivuli, mtiririko (flow) wa brashi ukiwa asilimia 1 hadi 3. Fanya kazi picha ikiwa kwenye asilimia 100, na urudi kuitazama nzima kila mara. Ukiivuta hadi 300 utasafisha vitu ambavyo hakuna atakayeviona.

Kitakachopona chenyewe baada ya wiki mbili, ondoa. Kovu na alama ya kuzaliwa, uliza kwanza. Mwanya usiuzibe, wenye nao wengi wanajivunia.

Dhana: Mng'aro wa mafuta huondoka ukipunguza mwanga.

Pale ambapo nyekundu, kijani na bluu zote zimefika 255, hakuna ngozi iliyobaki ya kurudishwa. Ukipunguza mwanga unapata kiraka cha kijivu. Paka rangi ya ngozi ya jirani kwenye tabaka lililo katika hali ya Darken, inayogusa tu sehemu zenye mwanga kuliko rangi unayopaka, uzito (opacity) wa asilimia 20 hadi 30. Bakiza mng'aro kidogo, uso usiwe bapa.

Dhana: Meno yawe meupe pe.

Punguza ukolezi wa manjano, basi. Yakiushinda weupe wa macho, umezidisha.

Dhana: Kompyuta inaweza kukuza picha yoyote.

Hapa huwa ni msiba, na familia ina haraka. Picha ya marehemu imekatwa kutoka kwa kundi la harusini, imepita WhatsApp mara kadhaa, na sasa inatakiwa ijaze jalada la kijitabu cha mazishi cha A5. Uso wenye upana wa pikseli 150, ukichapwa kwa pikseli 300 kwa inchi, ni nusu inchi. Programu za akili mnemba zitaukuza, lakini zitabuni macho na mdomo kutokana na nyuso za watu wengine, na watoto wa marehemu wataona kwamba huyo si mzazi wao. Omba faili la awali kutoka kwa simu iliyopiga, litumwe kama dokumenti. Kama kuna picha ya karatasi, iskani kwa pikseli 600 kwa inchi. Vyote vikikosekana, chapa uso mdogo na uujazie ukurasa kwa fremu na maandishi.

Dhana: Picha ya viza nayo husafishwa kidogo.

Marekani hairuhusu picha iliyohaririwa kubadili sura, na miwani haikubaliwi tangu Novemba 2016. Ile ya bahati nasibu ya viza iwe mraba wa pikseli 600 hadi 1,200 kila upande, JPEG isiyozidi KB 240. Kivuli kikiangukia ukutani, usikifute: msogeze mtu hatua moja mbele ya ukuta na upige tena.